Uliza Mzee Mipango: Bango linasema msaada, kitabu kinasema mkopo

Mwezi uliopita mhariri aliweka tangazo dogo chini ya safu hii: wasomaji waulize wanachotaka kuhusu wafadhili, Benki ya Dunia, mashirika ya Umoja wa Mataifa na hii miradi inayokuja na kuondoka. Barua na jumbe zimemiminika, nyingine zina hasira, na hasira yenyewe si ya bure. Kwa wageni wa safu: mimi ni afisa mipango mstaafu. Nimekaa halmashauri za kusini tangu enzi za mashine ya chapa hadi enzi za mfumo wa kompyuta unaogoma tarehe 30 Juni, mwaka wa fedha unapofungwa. Sijawahi kuajiriwa na mfadhili hata siku moja. Mimi nilikuwa upande wa meza unaojazishwa fomu. Barua nimezifupisha na majina nimeyaondoa.

Shikamoo Mzee. Kijijini kwetu umejengwa mradi wa maji, na bango linasema "kwa ufadhili wa Benki ya Dunia". Diwani anasema ni fedha za Serikali. Mbunge anasema ni msaada alioupigania yeye. Mjumbe wetu wa shina anasema ni mkopo, wajukuu ndio watakaolipa. Tumwamini nani? (Msomaji, Mbinga)

Marahaba. Mjumbe wa shina kawazidi wote, ingawa diwani naye hajadanganya. Mbunge tumwachie uchaguzi.

Benki ya Dunia ina milango miwili inayotuhusu. Wa kwanza ni IBRD, uliozaliwa kwenye mkutano wa Bretton Woods mwaka 1944, nao unakopesha kwa riba inayokaribiana na ya soko. Wa pili ni IDA, uliofunguliwa mwaka 1960 kwa ajili ya nchi ambazo riba ya soko ingezikaba koo. Fedha nyingi mnazoziona kwenye mabango ya vijijini zimetoka mlango huu wa pili. Nchi tajiri huchangia kila baada ya miaka mitatu, yakaongezwa marejesho ya waliokopa zamani, na siku hizi IDA yenyewe inakopa sokoni ili kukuza kapu. Makubaliano ya mwisho yalifikiwa Seoul, Desemba 2024: dola bilioni 100.

Masharti ya kawaida ni miaka 38 ya kulipa, 6 ya mwanzo huugusi mtaji, na ada ya asilimia 0.75 kwa mwaka kwenye kiasi ulichokwisha kuchukua. Zamani ilikuwa miaka 40, na 10 ya mwanzo ya kupumua. Tupige hesabu ya dukani: ukidaiwa bilioni 1, ada ya mwaka ni milioni 7 na nusu. Hakuna benki ya mjini itakayokupa hiyo hata uweke rehani nyumba ya ukoo. Nchi zilizo kwenye hatari kubwa ya kuelemewa na madeni, mfano majirani zetu Burundi, hupewa ruzuku ambayo hairudishwi. Sisi tunaambiwa bado tunabeba, kwa hiyo tunakopeshwa.

Anachokiogopa mjumbe wako kipo, ila hakipo kwenye riba. Kipo kwenye sarafu. Deni linahesabiwa kwa fedha za kigeni, nasi tunakusanya shilingi. Mwaka 1997 dola moja ilikuwa kama shilingi 600, na mwaka 2024 ilivuka 2,600. Mtaji ni uleule kwenye makaratasi ya Washington, lakini korosho za kuulipa zimeongezeka.

Diwani naye anasema kweli kwa sababu mkopo ukishasainiwa na Wizara ya Fedha unaingia kwenye bajeti, Bunge linaupitisha, na deni ni la Serikali. Ukitaka kumaliza ubishi, nenda ofisi ya mipango ya wilaya uombe Kitabu cha Nne, kile cha bajeti ya maendeleo. Kila mradi una mstari wake: fedha za ndani kiasi gani, za nje kiasi gani, mfadhili nani, na herufi ya kuonyesha kama ni mkopo au msaada. Kitabu hicho ni cha umma. Katika miaka yangu yote kazini, wananchi waliokuja kukiomba walikuwa wachache mno, na tulikuwa tunawashangaa kana kwamba wamekuja kuomba bunduki.

Jambo jingine. Mradi wenu yaelekea uko chini ya mpango wa Lipa Kulingana na Matokeo, ambao kwenye maji vijijini ulianza karibu na wakati RUWASA, wakala wa Serikali wa maji vijijini, inaundwa, Julai 2019. Zamani Benki ililipa kwa hati za madai, mifuko ya saruji ikiwa na karatasi zake na mabomba yakiwa na zake, na kila manunuzi makubwa yakingoja barua kutoka kwao kwamba hawana pingamizi. Nimewahi kuona barua hiyo ikingojwa mpaka mvua zikaanza na magari yasiweze kufika. Kwa utaratibu wa sasa Serikali inajenga kwa taratibu zake, kisha mhakiki asiye wa Serikali anakwenda kuhesabu, na fedha zinatoka kwa kilichohesabiwa. Ndani ya vigezo kuna vituo vinavyoendelea kutoa maji, mbali na vile vilivyozinduliwa tu. Hilo la mwisho limechelewa miaka 40, lakini nalisifu. Barua inayofuata itaonyesha kwa nini.

Shikamoo babu. Mimi ni mweka hazina wa chombo cha watumia maji, huku bondeni mkoa wa Lindi. Tukiwa watoto tulikuta pampu za mkono za Wafini, zikafa zote. Sasa tumepata kisima cha sola na tangi. Wazee wanasema huu nao utakufa, na watu wananung'unikia bei ya ndoo, wanasema jua ni la Mungu. Tufanyeje? (Mama wa Lindi)

Marahaba mama, na pole kwa kazi isiyo na shukrani. Mweka hazina wa maji anatukanwa kuliko karani wa mnada.

Wazee wako wasikilize, wana ushahidi. Mwaka 1971 Serikali ilitangaza mpango wa miaka 20: ifikapo 1991 kila mwananchi wa kijijini apate maji safi ndani ya mita 400. Fedha za ndani hazikutosha, basi nchi ikagawiwa kama pilau ya harusi, kila mfadhili na sahani yake. Wafini wakachukua Mtwara na Lindi, Waswidi wakaenda Kanda ya Ziwa, Wadenishi wakashika Iringa, Mbeya na Ruvuma, Wanorwe wakapelekwa Rukwa na Kigoma. Kila mmoja alikuja na wahandisi wake, magari yake na pampu yake. Kwetu ilikuwa Nira, yenye asili ya Ufini, na baadaye ikawa inatengenezwa Dar es Salaam.

Nira ni pampu nzuri, na hilo nalisema kwa kuwa nimeona nyingi zikizikwa kwa kosa ambalo si lao. Nikueleze ilivyokuwa ikifa. Siku moja mpini unakuwa mwepesi. Mtoto anapampu mara 20 ndipo maji yatoke. Wiki inayofuata mara 50. Fundi akiivuta juu anakuta bomba zima, fimbo zima, silinda haina mkwaruzo. Kilichokwisha ni washa ya pistoni, duara la mpira linaloenea kwenye kiganja, limelika ukingoni kwa mchanga. Ukiweka mpya, saa moja baadaye watu wanateka. Lakini washa ilikuwa stoo ya mradi, mkoani. Gari la mradi lilikuwa likija nayo bure, kwa hiyo hakuna duka lililoona faida ya kuiuza na hakuna kijiji kilichoona sababu ya kuweka akiba. Maji ya kijijini wakati huo yalikuwa bure kwa sera ya nchi. Mradi ulipofungwa, gari likaondoka. Pampu moja ikaacha kufanya kazi kwa kukosa kipande cha mpira, ikafuata ya pili, kisha watoto wakachomoa boliti, na fundi wa baiskeli akakumbuka kwamba fimbo za chuma cha pua ni mali.

Sera ilibadilishwa mwaka 1991, halafu tena 2002, ikasema wazi kwamba watumiaji wa vijijini ndio watakaogharimia uendeshaji na matengenezo. Ndiyo maana wewe una cheo hicho na matusi yake.

Sasa sola. Maneno ya "jua ni la Mungu" ndiyo yatakayoua mradi wenu. Ni kweli hamnunui dizeli, na paneli zikitunzwa zinakaa miaka 20 na zaidi. Lakini pampu iliyo chini ya kisima na kile kisanduku cha kuiongoza havikai miaka hiyo. Siku kimojawapo kikiungua mtahitaji mamilioni kwa mkupuo, na siku hiyo hakuna mwanakijiji atakayechangishwa akatoa. Bei ya ndoo msiipange kwa kulinganisha na kijiji jirani. Muulizeni mhandisi wa RUWASA bei ya pampu mpya ya aina yenu na gharama ya kuishusha, gawanyeni kwa miaka ambayo anadhani itadumu, ongezeni mshahara wa mlinzi na mtu wa kituo, kisha gawanyeni kwa ndoo. Hesabu hiyo ibandikeni ukutani kwenye ofisi ya kijiji. Watu hunung'unika zaidi wasipojua.

Halafu, kabla mkandarasi hajatoka kwenye kipindi cha matazamio, daini makaratasi haya: kina cha kisima, kina ilipowekwa pampu, aina na namba ya pampu, mchoro wa mabomba, na jina la duka inakouzwa. Katika kipindi hicho sehemu ya malipo ya mkandarasi bado imezuiliwa, kwa hiyo anapokea simu. Kikiisha, hataikumbuka namba yako. Nimekwenda vijiji ambavyo pampu imekufa na hakuna mtu hata mmoja, kuanzia kijiji mpaka wilaya, anayejua iliyomo shimoni ni ya ukubwa gani. Fundi analipwa kwanza kwa kuichungulia.

Mzee, habari ya Tanzania? Mimi niko Lodwar, Kenya. Nilikuwa nataka kujua kuhusu kiwanda cha samaki cha Kalokol. Wazee hapa wanasema wazungu walikuja, wakajenga, wakaenda. Ni kweli walikuwa wajinga hivyo? (Kijana wa Turkana)

Habari njema, kijana. Wajinga hawakuwa. Nadhani ubaya wake uko hapohapo, kwamba kilichorwa na watu werevu.

Wanorwe wanajua samaki. Walitazama Ziwa Turkana wakaona sangara na sato, wakatazama wafugaji ambao ukame umewamalizia mifugo, wakasema: hawa tuwafanye wavuvi na tuwajengee kiwanda cha kugandisha minofu ipelekwe mbali. Kiwanda kilikamilika mwanzoni mwa miaka ya 1980. Kilifanya kazi siku chache tu. Kugandisha samaki katika joto la Turkana kulitaka umeme mwingi kuliko uliokuwepo na maji safi mengi kuliko yaliyokuwepo, na gharama ya jokofu ingezidi bei ya samaki mwenyewe. Ghuba ya Ferguson, walikokuwa wakivuliwa hao samaki, ikakauka ziwa liliposhuka. Jengo likabaki ghala la samaki wakavu, ambao mama zako walikuwa wakiwauza tangu mwanzo bila msaada wa mtu.

Ongeza siasa. Mwaka 1990 Kenya ilivunja uhusiano wa kibalozi na Norwe kwa sababu ya kesi ya Koigi wa Wamwere, mpinzani wa serikali aliyekuwa amekimbilia Norwe, na wataalamu wakafunga virago. Lakini waliacha pia barabara ya kwenda Lodwar kutoka upande wa Kitale, na nadhani hata wazee wako hawatabisha kwamba barabara imewafaa kuliko kiwanda, pamoja na mashimo yake ya baadaye.

Usidhani ni nyinyi tu. Sisi tulijengewa kiwanda cha viatu Morogoro kwa mkopo wa Benki ya Dunia miaka ya 1970. Kilikusudiwa kuuza viatu Ulaya. Jengo lenyewe lilikuwa na kuta za mabati ya alumini, halina hewa, katika mji ambao mchana mbwa anatafuta kivuli. Halikuwahi kufikia hata asilimia 5 ya uwezo wake, na likafungwa mwaka 1990. Kiwanda kikafa, deni likabaki hai. Hapo ndipo Benki na mkulima hutofautiana: mkulima akikosea mbegu, hasara ni yake.

Mzee wangu, shikamoo. Nilikuwa mtunza takwimu CTC, kliniki ya huduma na tiba kwa wenye VVU, hapa Njombe, nikilipwa na mradi wa Wamarekani. Mwaka jana mkataba ulikatika kwa barua ya aya mbili. Wenzangu washauri nao waliondoka. Miaka yote hiyo Serikali haikujua kuwa siku hii inakuja? (Aliyekuwa mtumishi, Njombe)

Marahaba, mwanangu, na pole sana. Njombe ndio mkoa wenye kiwango kikubwa cha VVU kuliko yote nchini, asilimia 12.7 ya watu wazima kwa utafiti wa 2022–23. Kumkatia kazi mtunza takwimu wa CTC huko ni kumwondoa anayejua nani hakuja kuchukua dawa mwezi huu.

Yaliyotokea: tarehe 20 Januari 2025 Rais mpya wa Marekani alisaini amri ya kusimamisha misaada ya nje kwa siku 90 ili ipitiwe upya. Tarehe 1 Julai mwaka huohuo USAID, shirika lao la misaada, ikakoma kutoa misaada, na kilichosalia kikahamia wizara yao ya mambo ya nje. Mpango wao wa UKIMWI, PEPFAR, ulikuwepo tangu 2003. Watu wengi wako hai kwa sababu yake, wakiwemo ninaowajua kwa sura, na sitaki mtu anisome hapa akidhani naudharau.

Lakini umeuliza kama Serikali ilijua. Ilijua, na wafadhili walijua, na mimi niliyekuwa nikiandika mpango kabambe wa afya wa halmashauri kila mwaka nilijua. Jibu lote lipo kwenye neno moja la utumishi: ikama, yaani orodha ya nafasi za kazi zilizoidhinishwa. Nafasi yako haikuwa kwenye ikama ya halmashauri. Ulikaa ofisi moja na muuguzi wa Serikali, mkatumia kalamu moja, ila mshahara wako ulipita kwa shirika, na mara nyingi ulizidi wa muuguzi. Halmashauri isingeweza kukurithi hata ingetaka, kwa kuwa haina daraja la mshahara linalolingana wala kibali cha ajira. Mfadhili alifanya hivyo apate kasi. Serikali ilikubali kwa kuwa ilikuwa bure. Mwaka 2001 pale Abuja wakuu wa nchi za Afrika waliahidi asilimia 15 ya bajeti iende afya. Walioifikia na kubaki hapo ni wa kuhesabu kwa vidole.

Wala hii si mara ya kwanza bomba kufungwa ghafla. Mwaka 2014, kwa sakata la Escrow, la fedha za umeme zilizochotwa kwenye akaunti ya Benki Kuu, wafadhili wa bajeti walizuia karibu dola milioni 490. Sisi wilayani hatukusikia mjadala wa Escrow kama mlivyousikia nyinyi redioni. Tulisikia kwa njia ya fedha za robo ya pili zisizofika.

Kinachofanyika sasa: dawa nyingine zinanunuliwa kupitia Mfuko wa Dunia wa kupambana na UKIMWI, kifua kikuu na malaria, ulioanzishwa 2002, na bajeti ya 2025/26 imeweka tozo kwa ajili ya Mfuko wa UKIMWI na bima ya afya kwa wote. Wewe binafsi, nenda kwa Mganga Mkuu wa Wilaya na vyeti vyako na barua ya miaka uliyofanya kazi. Kibali cha ajira za afya kikitoka, watu wanaojua mfumo wa CTC wanatakiwa. Usingoje tangazo la mtandaoni peke yake.

Mzee, mimi ni mwanafunzi wa uchumi. Darasani tunasoma kwamba misaada inadumaza, na kwamba mtegemea cha nduguye hufa maskini. Kuna hata kimoja kilichofanya kazi? (Mwanafunzi, Dodoma)

Kipo. Mgonjwa wa mwisho wa ndui aliyeipata kwa njia ya kawaida alipatikana Merca, Somalia, mwaka 1977. Ugonjwa huo uliua mamilioni, na uliondolewa na kampeni ya Shirika la Afya Duniani ambayo Wamarekani na Warusi walishirikiana katikati ya Vita Baridi. Mwalimu wako amejumlisha mambo mengi mno kwenye neno "misaada".

Hapa nyumbani kumbuka hati punguzo, kama mama yako alikupitisha kliniki kati ya 2004 na 2014. Mjamzito alipewa hati, akaenda nayo duka la kawaida la mtaani, akaongeza kiasi kidogo, mwishoni shilingi 500, akatoka na chandarua. Fedha ni za Mfuko wa Dunia na Wamarekani, lakini vyandarua vilishonwa Arusha, na mwenye duka alikuwa na sababu yake mwenyewe ya kuviagiza. Linganisha na washa yangu ya pampu.

Na kuna mwaka 2001. Novemba ile Tanzania ilifikia hatua ya mwisho ya msamaha wa madeni kwa nchi maskini zilizoelemewa, karibu dola bilioni 3 zikafutwa kwa miaka ya mbele. Ada ya shule ya msingi ikaondolewa, ukaja MMEM, Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi. Wanafunzi wa shule za msingi wakatoka kama milioni 4.4 mwaka 2000 hadi zaidi ya milioni 7.5 mwaka 2005. Nilisimamia madarasa hayo. Wananchi walisomba mawe na mchanga, fedha za bati na saruji ziliingia akaunti ya kamati ya shule, si ya halmashauri, na kwa mara ya kwanza nikaona mwenyekiti wa kamati, mkulima wa muhogo, akimbana mwalimu mkuu juu ya risiti ya misumari. Majengo yalisimama. Kilicholegea ni ruzuku ya dola 10 kwa kila mwanafunzi kwa mwaka, ile ya vitabu na chaki na ukarabati. Ilifika pungufu, na mahali pengine haikufika kabisa. Unaliona jambo lilelile? Ukuta una mfadhili, chaki haina. Andika tasnifu yako juu ya hilo, tafadhali, badala ya methali.

Mzee, mradi wa fedha za Benki ya Dunia ukimdhuru mwananchi, kuna pa kulalamika zaidi ya mkuu wa wilaya? (Mfugaji, Mbeya)

Papo. Tangu 1993 Benki ina Jopo la Ukaguzi lililo nje ya menejimenti yake. Masharti ni mepesi kuliko watu wanavyodhani: muwe wawili au zaidi mnaoathirika na mradi mmoja, muwe mmeshapeleka malalamiko kwa Benki yenyewe bila jibu la kuridhisha, na mseme madhara ni yapi. Barua inaweza kuandikwa kwa Kiswahili. Mnaweza kuomba majina yenu yafichwe. Hata mradi ukifungwa, mna miezi 15.

Unajua pengine kwa nini nakujibu kwa uhakika, maana ni jirani zako. Mradi wa REGROW wa kukuza utalii kusini, dola milioni 150, ulilalamikiwa na watu wa pembezoni mwa Hifadhi ya Ruaha. Aprili 2024 Benki ilisimamisha kutoa fedha, na Novemba mwaka huo mradi ukafutwa kwa ombi la Serikali. Ila ujue mpaka wa Jopo. Linaweza kuisuta Benki mpaka dola zikasimama. Halina mamlaka ya kumwamuru mkuu wa hifadhi akurudishie ng'ombe. Kwa hilo, mahakama za hapa hapa, na wakili.

Mzee naomba msaada wa haraka. Kikundi chetu cha akina mama tumetumiwa ujumbe kuwa UNICEF inatoa mkopo milioni 5 kwa kila mwanachama, tulipe elfu 30 ya fomu. Ni kweli? (Katibu wa kikundi, Temeke)

Ni matapeli, katibu. UNICEF haikopeshi vikundi, na hakuna shirika la Umoja wa Mataifa linalomtoza mtu ada ya fomu kwa simu. Namba iliyotuma ujumbe itumeni kwenda 15040. Kama mlishalipa, chukueni kumbukumbu ya muamala mwende polisi leo, si wiki ijayo.

Mkopo wa kweli uko karibu yenu. Halmashauri inatenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu, bila riba. Ulisimamishwa 2023, ukarudishwa 2024 kwa utaratibu mpya. Anzeni kwa Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata, mkiwa na katiba ya kikundi na akaunti ya benki. Akiwaomba elfu 30 yeye naye, niandikieni.